Donepezili ya jirani na maradhi ya baba
Dada wa Langoni, umeuliza iwapo donepezili, dawa ya kusaidia kumbukumbu anayotumia jirani yako mwenye maradhi ya Alzheimer, itamfaa baba, ambaye ugonjwa wake umeshika sehemu za mbele na za pembeni za ubongo, na ambaye sasa huchota halua dukani bila kulipa wala kuona haya. Sitarajii imfae, na kwa wagonjwa wengine wa aina yake huzidisha papara. Hakuna dawa inayozuia ugonjwa huu. Memantini, dawa nyingine ya Alzheimer, nayo ilijaribiwa bila mafanikio. Zinazoweza kupunguza pupa ya kula na kurudiarudia mambo ni baadhi ya dawa za sonona, kama sertralini au trazodoni, ambazo daktari huanza kwa kipimo kidogo. Haloperidoli, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili, muiogope, kwani hukakamaza viungo. Mwenye duka naye aambiwe, mhesabiane kila wiki.