Kubadilisha bei ya dizeli peke yake hakutoshi

Msomaji mmoja wa Iringa ameuliza: modeli yao ya gharama na faida za barabara (faili la kompyuta linalopima kama faida za kutengeneza barabara zinazidi gharama zake) ina miaka sita, je, akiweka bei mpya ya dizeli na gharama mpya za ujenzi inatosha? Haitoshi. Nasema kwa uchungu, maana barabara zetu za milimani hupewa au kunyimwa fedha kwa faili kama hilo.

Kabla hujagusa chochote, nakili faili, kisha likokotoe lilivyo. Usipopata thamani halisi ya sasa (faida zote ukitoa gharama zote, zikigeuzwa kuwa shilingi za leo) ileile iliyo kwenye ripoti ya zamani, mara nyingi kuna seli ambayo mtu alifuta fomula akaandika namba kwa mkono. Itafute kwanza, la sivyo hutajua tofauti imeletwa na bei mpya au na kosa la zamani.

Kwenye bei, chagua mwaka mmoja wa msingi, gharama na faida zote zisomwe kwa bei za mwaka huo. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, na ya Mbeya si ya Dar es Salaam. Chukua ya mahali barabara ilipo, kama ni Mbeya basi ya Mbeya, wastani wa miezi 12, kisha toa kodi na tozo: hizo ni fedha zinazohama mfuko tu, nchi haijapoteza kitu. Tuseme lita ni shilingi 3,000 na 900 kati yake ni kodi na tozo. Modeli ipewe 2,100. Wala usipandishe faida kwa mfumuko wa bei. Ukiongeza asilimia 5 kila mwaka, faida ya mwaka wa 20 itakuwa imevimba zaidi ya mara 2.6.

Kinachoharibu modeli nyingi ni hesabu ya magari. Chukua mfano wa njia ya viazi ya huku Mbeya, kutoka Isyonje kuelekea Kitulo. Tuseme siku ya gulio zinapita Fuso 90, siku nyingine 20. Mhesabuji aliyekaa siku ya gulio peke yake atazidisha 90 kwa 365, apate 32,850 kwa mwaka. Wastani wa wiki ni 30, yaani 10,950. Kosa la mara tatu, na hakuna fomula iliyoharibika! Hesabu siku saba mfululizo, mara moja kiangazi na mara moja masika, na bodaboda zipewe safu yake. Kwenye TANZAM, barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia, tenga malori yanayokwenda Zambia na Kongo kupitia Tunduma: ukuaji wake unafuata bandari na biashara ya nchi hizo, si idadi ya watu wa Mbeya.

Kwa magari mapya yatakayovutwa na barabara yenyewe, faida ya kila safari ihesabiwe kwa nusu. Kama safari imeshuka kutoka shilingi 1,000 hadi 600, aliyekuwa akisafiri anapata 400; aliyevutwa na unafuu anapata wastani wa 200. Na ukishahesabu akiba ya usafiri wa viazi, usiongeze tena kupanda kwa bei ya shambani. Ni shilingi ileile.

Upande wa "bila mradi", yaani hali ya barabara isipotengenezwa, ambayo faida hulinganishwa nayo, nao hupitwa na wakati kimyakimya. Miaka sita ya mvua imekula changarawe, kalavati limeziba, lori linakwama pale lilipokuwa likipita. Pima hali ya sasa, na siku barabara isipopitika ziandikwe wazi. Lakini usijipe faida ya ajali bila ushahidi: lami laini kwenye mteremko mkali kama wa Iwambi, Mbeya, huongeza mwendo wa malori.

Mwisho jaribu gharama zikipanda asilimia 20 na faida zikishuka 20 kwa pamoja. Kwa kiwango cha punguzo (asilimia ya kushusha thamani ya fedha za baadaye kwa kila mwaka) cha asilimia 12, shilingi milioni 100 za mwaka wa 20 ni kama milioni 10.4 leo, kwa hiyo nguvu zako zimalizie kwenye magari ya miaka ya mwanzo. Kando ya kila seli uliyobadilisha andika tarehe, chanzo na namba ya zamani.