Seli ya ubongo huwaje ya ubongo? Na ule unga wa "kuwasha jeni za akili"?

SWALI: Hujambo Daktari. Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya upili hapa Umoja, Nairobi. Wanafunzi wangu wameniuliza jambo lililonipa taabu. Seli ya ini na seli ya ubongo zote zimetokana na yai moja lililorutubishwa, na zina DNA ileile. Kwa nini basi hii ikawa ini na ile ikawa ubongo? Niliwajibu kwamba jeni nyingine huwashwa na nyingine huzimwa, wakataka kujua ni nani anayewasha. Jambo la pili: mzazi mmoja amenionyesha mkebe wa unga alioununua mjini kwa bei ya juu. Umeandikwa kwamba "unawasha jeni za akili" za mtoto kwa njia ya epijenetiki. Nimwambie nini?

JIBU: Sijambo, Mwalimu, na asante kwa kuleta maswali yote mawili pamoja. Nitaanza na la wanafunzi, maana likieleweka, la mkebe litakuwa jepesi.

Wanafunzi wako wameuliza vizuri. Kila seli yenye kiini mwilini ina DNA ambayo ukiinyoosha inafika karibu mita 2, na ndani yake mna jeni zipatazo 20,000 za kutengeneza protini. (Chembe nyekundu za damu hazina kiini, na baadhi ya seli za kinga hukata na kuunga upya sehemu chache za DNA yao. Hizo tuziache kando.) Ini lina jeni zote za ubongo, na ubongo una jeni zote za ini. Tulianza kuwa na hakika ya jambo hili kutokana na kazi ya John Gurdon wa Uingereza. Mwaka 1962 alieleza jinsi alivyochukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakitia ndani ya yai la chura ambalo kiini chake kilikuwa kimeharibiwa, na yai hilo likaweza kukua kuwa kiluwiluwi mzima mwenye macho, misuli na neva. Seli ya utumbo haikuwa imepoteza jeni yoyote ya ubongo. Ilikuwa haizitumii tu.

Sasa, nani anayewasha? Ni protini. Ziko protini za udhibiti ambazo hujishika kwenye vipande maalumu vya DNA na kuruhusu jeni iliyo karibu inakiliwe kuwa RNA, ile nakala ambayo seli huifuata kutengeneza protini, au kuizuia isinakiliwe. Mwanafunzi mwerevu atauliza papo hapo: na hizo protini nazo zimetoka wapi? Zimetoka kwenye jeni nyingine, zilizowashwa na protini nyingine, na ukirudi nyuma hivyo unafika kwenye yai lenyewe, ambalo lilijazwa protini na RNA tangu likiwa ndani ya ovari ya mama. Hakuna mkubwa mmoja aliyeketi juu akitoa amri. Kila seli inafuata kile ilichorithi kutoka kwa seli iliyoizaa, pamoja na ishara inazopokea kutoka kwa majirani.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka, nami naona ndilo kiini cha somo. Ubongo hauanzi kwa kuwasha. Unaanza kwa kuzuia. Kiinitete kikiwa na wiki tatu hivi, tabaka lake la nje hupata ishara iitwayo BMP inayolielekeza kuwa ngozi. Upande wa mgongoni, seli za jirani hutoa protini zinazoifunga ishara hiyo, mojawapo ikiwa Noggin. Pale BMP ilipofungwa ndipo mfumo wa neva unapochipuka.

Mtindo huohuo unaendelea baadaye. Mwaka 1995 iligunduliwa protini iitwayo REST. Katika seli zisizo za neva, protini hii hukaa juu ya mamia ya jeni za nyuroni, yaani seli za neva, na kuzinyamazisha. Seli changa inapokaribia kuwa nyuroni, REST huondolewa, na jeni hizo zikapata nafasi. Kisha mwaka 2010 kundi la Marius Wernig pale Stanford lilitia jeni tatu tu, ASCL1, BRN2 na MYT1L, kwenye seli za tishu unganishi za panya, zikageuka kuwa nyuroni zinazopitisha umeme. Jeni tatu! Na kazi kubwa ya mojawapo, MYT1L, ni kuzima jeni za aina nyingine za seli, ili nyuroni isiwe na chembe ya misuli au ya ngozi ndani yake.

Hayo ni maamuzi. Epijenetiki ni namna seli inavyoyatunza maamuzi hayo bila kubadilisha herufi za DNA. DNA haielei kiholela ndani ya kiini. Kila herufi 147 hivi zimezungushwa kwenye fungu la protini nane ziitwazo histoni, na fungu moja hufuatwa na jingine. Pakibandikwa alama za asetili kwenye histoni, mzunguko hulegea na jeni husomeka kwa urahisi. Zikibanduliwa, DNA hukazwa. Alama nyingine, methili, hubandikwa juu ya DNA yenyewe, na aghalabu huifunga jeni. Ukitaka mfano wa darasani, waambie wafikirie Luthuli Avenue Jumapili alfajiri: bidhaa zote zimo ndani ya maduka, ila milango ya mabati imeteremshwa, na kila mtaa una maduka yake machache yaliyo wazi.

Kama mna darubini shuleni na unaweza kupata slaidi ya ubongo iliyotiwa rangi, wape waione wenyewe. Nyuroni kubwa ina kiini kipana, cheupe-cheupe, na katikati pana doa moja jeusi la nukleoli. Pembeni yake utaona viini vidogo vya seli za glia, zile zinazozihudumia nyuroni, vimekolea rangi. Weupe ule ni DNA iliyolegezwa, kwa sababu nyuroni hutumia jeni nyingi mno kwa wakati mmoja. Na ikiwa slaidi ni ya paka jike, watafute kidonge kidogo cheusi, mara nyingi kando ya nukleoli. Murray Barr na mwanafunzi wake walikiona mwaka 1949 wakichunguza nyuroni za paka, wakatambua kwamba majike wanacho na madume hawana. Kile ni kromosomu X moja nzima iliyofungwa. Jike ana X mbili, na kila seli yake hufunga moja. Mimi bado hufurahi kila ninapowaonyesha wanafunzi kidonge hicho, kwa kuwa ni epijenetiki unayoweza kuiona kwa jicho, ndani ya seli ya ubongo.

Kromosomu hiyohiyo ya X inatupeleka kwenye ugonjwa unaofundisha kuliko mihadhara mingi. Mtoto wa kike huzaliwa akionekana mzima. Anatabasamu, anaketi, pengine anatamka maneno mawili matatu. Kati ya miezi 6 na 18 maendeleo yanakwama, kisha yanarudi nyuma. Anaacha kushika vitu, anaanza kusugua viganja vyake pamoja bila kukoma, kama anayenawa mikono. Huu ni ugonjwa wa Rett. Mwaka 1999 maabara ya Huda Zoghbi, Marekani, iligundua kwamba chanzo chake ni hitilafu katika jeni ya MECP2 iliyo kwenye X. Protini ya MECP2 kazi yake ni kushika DNA yenye methili. Yaani jeni nyingine zote za ubongo zipo salama, alama za methili zipo, lakini anayezisoma ameharibika.

Kwa nini basi mtoto hakuugua tangu kuzaliwa? Kwa sababu methili kwenye nyuroni haiishii tumboni. Baada ya kuzaliwa, kimeng'enya kiitwacho DNMT3A huendelea kubandika aina moja ya methili ambayo ni haba katika seli nyingi za mwili. Kwa binadamu huongezeka kwa kasi katika miaka miwili ya kwanza, ikaendelea polepole hadi ujana. MECP2 huisoma alama hiyo pia. Alama zinavyozidi, ndivyo upungufu wa msomaji unavyojitokeza. Wasichana wengi huishi kwa sababu takriban nusu ya seli zao zimefunga X yenye hitilafu na kutumia nzima.

Na sasa tufike kwenye mkebe. Panya wenye ugonjwa huu waliporudishiwa MECP2, dalili zao zilipungua sana hata wakiwa wakubwa. Kazi hiyo ilitoka katika maabara ya Adrian Bird, Edinburgh, mwaka 2007, na ilileta matumaini makubwa. Lakini wapo wavulana wanaozaliwa na nakala mbili za MECP2 zilizo nzima kabisa, na wao pia huwa na ulemavu mzito wa akili na kifafa. Kidogo mno ni ugonjwa, na maradufu ni ugonjwa. Hivyo neno "kuwasha jeni za akili" limekosea tangu mwanzo. Hakuna jeni ya ubongo ambayo ukiizidisha tu mtoto anakuwa na akili zaidi.

Mwambie mzazi pia kwamba dawa inayolegeza DNA kwa kweli ipo, na tunaijua vizuri. Inaitwa valproeti, dawa ya kifafa ya siku nyingi, na kwa mgonjwa anayefaa ni dawa nzuri. Mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba inazuia vimeng'enya vinavyobandua asetili kwenye histoni, kwa hiyo alama za kulegeza zinabaki na jeni ambazo zingefungwa zinaachwa wazi. Mama mjamzito akiitumia, takriban mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro kubwa ya maumbile, ikiwemo mgongo wazi, na watoto 30 hadi 40 kati ya 100 hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Inaaminika kwamba kulegeza huko kiholela ni mojawapo ya njia za madhara hayo. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linashauri wasichana na wanawake wanaoweza kupata mimba wasiandikiwe. Ikiwa yupo mzazi au dada yako anayeitumia, asiiache ghafla hata siku moja, maana degedege la kuacha dawa linaweza kuua. Aende kliniki yake ya kifafa na aseme wazi kwamba ana mpango wa kupata mtoto, abadilishiwe mapema.

Unga wa mkebe, nina hakika, haufanyi hata hilo. Mzazi akitaka kumhoji muuzaji, amwulize maswali matatu: ni jeni gani, katika seli gani, na katika umri upi? Mtoto wa miaka minane, kwa mfano, amekwisha kupata nyuroni zake karibu zote zamani. Kinachoendelea kwake ni kuunganisha, kupunguza na kuimarisha miunganisho, na kazi hiyo inahitaji chakula cha kutosha, usingizi, kuzungumziwa na kufundishwa. Pesa za mkebe zinatosha mayai, omena na maharagwe ya wiki kadhaa.

Lakini kiko kirutubisho kimoja kinachohusiana kweli na mambo haya, nacho ni asidi ya foliki. Mwili huitumia kutengeneza DNA mpya, na pia kuandaa zile methili. Mwaka 1991 utafiti ulioendeshwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, kwa akina mama waliowahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi au kasoro kama hiyo, ulionyesha kwamba foliki ilizuia karibu asilimia 70 ya kasoro hizo zisijirudie. Ugumu uko kwenye wakati. Mrija wa neva, ambao ndio ubongo na uti wa mgongo wa baadaye, hujifunga kufikia siku ya 28 hivi tangu kutungwa mimba. Siku hizo mama wengi hata hawajajua kwamba wana mimba, na hapa kwetu wengi hufika kliniki ya wajawazito mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi minne au mitano. Vidonge vya madini ya chuma na foliki wanavyopewa hapo vina faida kwa damu yao, lakini mrija ulishafungwa zamani.

Kwa hiyo ukiwa na mkutano wa wazazi, wazungumzie hili badala ya mkebe. Mwanamke anayepanga mimba aanze mikrogramu 400 za foliki kila siku angalau mwezi mmoja kabla, na aendelee miezi mitatu ya mwanzo. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwenye pakiti uongezwe foliki pamoja na virutubisho vingine, ila unga wa kusaga posho mill hauongezwi, na familia nyingi za Eastlands hula huo. Mama aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji kipimo cha takriban mara kumi, na hicho aandikiwe na daktari kabla ya kushika mimba nyingine.