Jibu: Kwa nini Ryne Sandberg aliandikwa sana alipokuwa Peoria?

Ndugu, umeuliza iweje kocha wa timu ndogo ya beisboli aandikwe na magazeti makubwa. Jibu ni jina. Sandberg aliichezea Chicago Cubs, timu ya ligi kuu ya beisboli ya Marekani, miaka mingi, akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 1984, na mwaka 2005 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa beisboli, wanakowekwa magwiji wa mchezo huo. Watu wa hadhi hiyo wakistaafu hupewa kazi za runinga, au huitwa kupunga mkono uwanjani. Yeye mwaka 2007 akaenda kuifundisha Peoria Chiefs, wakati huo timu ya vijana wa Cubs kwenye ligi za chini, huko huko Illinois. Safari ni za basi, usiku, pamoja na watoto ambao wengi hawatafika juu kamwe. Hapo mwandishi gani angekaa kimya?

Ila habari nyingi ziliishia kwenye foleni za kusaini mipira. Kazi yenyewe haikuguswa sana: kocha wa ligi hizo hapangi kikosi apendavyo. Klabu kubwa ndiyo huamua nani apandishwe, hata mrushaji arushe mipira mingapi. Ukishinda sana, unanyang'anywa nyota wako.

Alipanda ngazi hadi timu ya Cubs ya Iowa, iliyo chini tu ya timu kubwa, mwaka 2010, lakini Cubs wakamchagua Mike Quade kuwa kocha wa timu kubwa. Sandberg akahamia Phillies, klabu ya Philadelphia, kwanza tena na timu yao ya chini, na mwaka 2013 wakampa timu kubwa. Alijiuzulu Juni 2015.