Kabati la droo na mvua za masika

Kabati langu la kwanza la droo nilimtengenezea dada yangu alipoolewa huko Wete, Pemba. Ilikuwa Februari, kaskazi inavuma, mbao zimekauka hadi zinalia ukizigonga. Droo zote nne ziliingia zikabana barabara, hata karatasi haipiti pembeni. Nilidhani huo ndio ufundi. Mwezi wa Aprili dada akanipigia simu: nguo za mtoto zimo kwenye droo ya pili, na droo haifunguki. Nilikwenda na randa, nikabandua ubao wa nyuma, nikaisukuma droo kutoka ndani, nikaipunguza mpaka ikapita. Agosti ilipofika, ilikuwa inacheza kama jino bovu.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayetaka kutengeneza kabati kwa mkono, anza kwa kuijua mvua ya kwenu. Mbao hazirefuki, au zinarefuka kwa kiasi kisichoonekana. Zinachofanya ni kupanuka kwa upana, kukatisha nyuzi, zinapokunywa unyevu wa masika, halafu kusinyaa kaskazi inapokausha hewa. Huwezi kulizuia jambo hilo kwa gundi wala kwa vanishi. Unachoweza ni kuliachia nafasi.

Mimi napenda mfenesi. Kiini chake ni cha manjano, na miaka ikipita hugeuka kahawia ya kupendeza, tena hauchoshi patasi kama mvule. Weupe wa nje ukatae, hata muuzaji akikupunguzia bei, maana dumuzi, wale wadudu watoboao mbao, huanzia hapo. Mbao zipange chini ya paa, ziinuke kutoka ardhini, na kati ya ubao na ubao weka vijiti ili upepo upite. Ami yangu aliyenifundisha kazi alikuwa akihesabu mwaka mmoja kwa kila inchi 1 ya unene. Mimi huongeza mizani: nachagua ubao mmoja mdogo, naupima kila Ijumaa na kuandika uzito wake ukutani. Uzito ukiacha kushuka, mbao ziko tayari. Wapemba tumekulia kwenye majamvi ya karafuu, hatuhitaji kufundishwa subira ya kukausha.

Sasa viungo. Kwetu visiwani hewa ina chumvi. Msumari wa chuma huota kutu, tundu hulegea, na pembe ya droo huachia. Ndiyo maana nakata meno. Mbao za ubavuni hukatwa meno yanayotanuka kuelekea nchani, mfano wa mkia wa njiwa, na ubao wa mbele huchimbwa nafasi za kuyapokea. Usigeuze mpango huo. Droo huvutwa kwa mbele, na meno yakiwa ubavuni, kila ukivuta ndivyo yanavyozidi kushika, hata gundi ikichoka.

Mshazari wa jino kwa mbao ngumu ni sentimita 1 kwa kila sentimita 8 za urefu. Kwa mbao laini kama paini, 1 kwa 6. Ukizidisha, ncha zitabanjuka. Ukipunguza, jino litachomoka. Chora kwa kisu kilichonolewa. Mstari wa penseli una unene, na unene huo baadaye utauona kama ufa, ilhali kisu hukata nyuzi na kuipa patasi mahali pa kusimama. Msumeno upite upande unaotupwa, mstari wenyewe ubaki. Ukishakata meno, usichukue rula tena: laza meno yale yale juu ya ubao wa mbele, uchore kwa kuyafuata, kisha ipe kila pembe namba yake. Hapa ndipo wanafunzi wengi huharakisha, na hapa ndipo kazi huharibika.

Unapochimba, fika katikati ya unene, geuza ubao, malizia upande wa pili. Ukipiga patasi moja kwa moja mpaka chini, itabomoa uso wa nyuma. Na patasi iwe kali kwelikweli, digrii 25 hadi 30 kwenye kinoo. Ijaribu kwenye kichwa cha ubao wa paini: ikiponda badala ya kukata, rudi kwenye kinoo. Siku nikiwa na saa tatu za kazi, nusu saa ni ya kunoa, na sijaijutia hata siku moja.

Reli zinazobeba droo ndizo zilizonipasulia ubavu wa kabati la pili. Zinakatisha nyuzi za ubavu. Ukizipaka gundi mwanzo hadi mwisho, ubavu unataka kupanuka na reli haikubali. Paka gundi sentimita 5 tu za mbele, na nyuma tia skrubu ya shaba kwenye tundu lililorefushwa kidogo. Kitako cha droo nacho kiingie kwenye mfereji bila gundi.

Kuhusu nafasi: kwa droo ya kimo cha sentimita 20, nikiifunga wakati wa kaskazi naacha milimita 3 juu. Nikiifunga katikati ya masika, milimita 1 yanitosha. Kisha nasugua reli kwa nta ya nyuki, au mshumaa ukikosekana.

Droo ya pili ya dada nimemtengenezea upya, kwa mfenesi uliokaa darini miaka miwili. Masika haya nilipita kwake mvua ikinyesha tangu alfajiri. Aliifungua kwa mkono mmoja, mkono wa pili umembeba mtoto, akatoa kanga akaendelea na mazungumzo.