Angalia maji kabla ya kununua dawa: bustani ya ndoo na viroba Dar es Salaam

Ingia duka lolote la pembejeo jioni, hukosi kumkuta mtu ameshika jani la nyanya lililojikunja akiomba dawa. Muuzaji naye hawezi kukataa biashara. Mteja anaondoka na chupa ya sumu ya wadudu, anaenda kupulizia mmea ambao shida yake ni ndoo isiyo na matundu. Kwa bustani za uani, za varandani na zile zinazopangwa juu ya mifuniko ya karo, shida nyingi zinaanzia kwenye maji: yamezidi, yamepungua, yanakuja leo kesho hayaji, au yana chumvi. Wadudu wapo kweli, ila mara nyingi wanakuta mmea umeshachoka.

Tuanze na ndoo. Mche mmoja wa nyanya, bilinganya au hoho unahitaji ndoo ya lita 20. Ndoo za rangi ya ukutani zinafaa zikisuguliwa vizuri. Zilizobeba dawa za shambani au kemikali za viwandani ziache huko huko. Toboa matundu 8 hadi 10 kwenye kitako, kila tundu upana wa kidole cha mwisho, halafu ikalishe juu ya vipande vya tofali ili maji yapate pa kutokea. Ndoo iliyokaa moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji hujiziba yenyewe, hata uitoboe vipi.

Wengi hutanguliza kokoto chini ya ndoo wakiamini zinasaidia kutoa maji. Hazisaidii. Maji hayatoki kwenye udongo kwenda kwenye kokoto mpaka ule udongo wa juu yake ushibe kabisa, kwa hiyo unachofanya ni kusogeza tope karibu na mizizi na kuifupisha ndoo. Weka kipande cha chandarua kilichochakaa juu ya matundu kuzuia udongo usimwagike, basi.

Kwenye kiroba kokoto zina kazi nyingine. Chukua salfeti ya kilo 50, weka udongo chini kimo cha shubiri moja, simamisha katikati kopo lililotolewa kitako na mfuniko, lijaze kokoto. Zungushia udongo nje ya kopo mpaka ulingane na ukingo wake, livute juu taratibu, kokoto zibaki zimesimama. Endelea hivyo hivyo mpaka juu. Nguzo hiyo ya mawe ndiyo njia ya maji kufika katikati na chini. Bila hiyo juu kunakuwa tope na chini vumbi, na miche ya pembeni ya chini inakauka ya kwanza. Matundu ya pembeni yakatwe kwa kupishana, sentimita 20 hadi 25 kati ya moja na jingine, madogo kiasi cha kupitisha mzizi wa mche tu. Ukikata dirisha kubwa, udongo wote utaishia sakafuni siku ya kwanza ya kumwagilia. Kiroba kimoja kinabeba miche 20 hivi ya sukuma wiki au spinachi pembeni, na minne au mitano juu. Jua huila salfeti, kwa hiyo kabla hujapanda msimu mwingine ivute kwa vidole uone kama haichaniki.

Udongo wa maeneo mengi ya Dar ni mchanga: unapitisha maji upesi na chakula cha mmea kinaondoka nayo. Mchanganyiko unaotosha ni ndoo tatu za udongo wa juu kwa mbili za samadi iliyooza. Udongo ukiwa wa mfinyanzi, ongeza ndoo moja ya mchanga. Neno la kushikilia hapo ni "iliyooza". Samadi mbichi, hasa ya kuku, inaunguza mizizi. Irundike kivulini, iloweshe kidogo, igeuze kila wiki kwa miezi miwili au mitatu mpaka isiwe na joto wala harufu kali. Ile ya mabanda ya kuku wa nyama ina maranda mengi, na maranda yakiwa bado yanaoza hunyang'anya mmea naitrojeni. Matokeo yake ni miche iliyodumaa yenye majani ya chini ya njano, na mwenye bustani anaapa kwamba mbona mbolea ameweka tele.

Kumwagilia hakuendi kwa ratiba. Ingiza kidole mpaka kiungo cha pili; kikitoka na ubichi, acha. Mnyanya uliokwisha kubeba matunda juani unaweza kunywa lita 2 hadi 3 kwa siku, wakati mche wa wiki mbili unatosheka na kikombe. Tandaza nyasi kavu au majani makavu unene wa sentimita 5 juu ya udongo, bila kugusa shina, na utaona ndoo inakaa na unyevu muda mrefu zaidi.

Majani kulegea saa saba mchana si habari. Yakijirudi jioni, mmea uko salama, ulikuwa unajikinga na jua. Unaoamka asubuhi ukiwa umelegea na udongo una unyevu ndio wa kuutilia shaka. Kama ni mnyanya na majani bado ni ya kijani kabisa, kata shina karibu na udongo, chukua kipande cha kidole kimoja, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi kikiwa kimegusa maji kwa ncha tu, usitikise. Ndani ya dakika chache ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinateremka kutoka kwenye sehemu uliyokata, huo ni mnyauko wa bakteria. Hauna dawa. Ng'oa, choma, na udongo huo usipande tena nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo. Maji ya glasi yakibaki masafi, rudi kwenye matundu ya ndoo. Huenda mizizi inazama.

Sasa chumvi. Kwenye nyumba nyingi za ukanda wa bahari maji ya bomba yakikatika watu hurudi kwenye kisima, na visima vingi huko vina maji ya chumvi. Dalili zake ni ncha na kingo za majani kuungua na kugeuka kahawia, huku katikati kukibaki kijani. Juu ya udongo na mdomoni mwa ndoo kunajengeka unga mweupe. Mmea unakunywa maji, jua linakausha yaliyobaki, chumvi haiendi popote. Ardhini mvua huisukuma chini. Kwenye ndoo inajilimbikiza siku hadi siku, na anayemwagilia kidogo kidogo kwa woga wa kuzamisha mizizi ndiye anayeilimbikiza zaidi.

Tiba yake ni kuosha udongo. Kila baada ya wiki mbili, mimina maji matamu uliyonayo, lita 20 kwa ndoo ya lita 20, kwa awamu tatu zenye nafasi ya nusu saa, maji yatoke chini yaende zake. Masika, kinga maji ya bati kwenye pipa yawe ya kazi hiyo. Maji ya chumvi yasipite kwenye majani, mwaga shinani. Mbolea ya dukani nayo ni chumvi, kwa hiyo usiiongeze kwenye ndoo yenye dalili hizo ukidhani mmea una njaa. Mmea ulio mzima, mbolea ya naitrojeni ya CAN kizibo kimoja cha soda, kama gramu 5, kila wiki mbili, ukiizungushia mbali na shina kisha umwagilie, inatosha. Pia chagua mboga inayovumilia: spinachi na mchicha huhimili chumvi kuliko maharage, karoti na vitunguu, ambavyo kwa maji hayo ni kujitesa bure.

Nyanya ina kesi nyingine ya maji inayowasumbua watu: kitako cheusi. Tunda linakaribia kuiva, ukiligeuza unakuta doa la kahawia lililobonyea, kavu kama ngozi ya kiatu. Hakuna mdudu hapo wala ugonjwa wa kuambukiza. Tunda limekosa kalisi, na kalisi inasafiri ndani ya maji; ndoo ikikauka Jumamosi kisha ikafurikishwa Jumapili, mwisho wa tunda ndio unaokosa mgao. Chuma yaliyoharibika, sehemu nzuri inalika, halafu weka matandazo na umwagilie kwa kiasi kinacholingana kila siku. Matunda yatakayofuata yatatoka mazima. Kuongeza yurea hapo ni kuzidisha tatizo, maana majani yanakua haraka na kuvuta maji yote upande wao.

Maua kudondoka ni suala la joto. Nyanya nyingi zinashindwa kushika tunda usiku unapobaki juu ya nyuzijoto 21 au 22 hivi, na Dar ya Januari na Februari haishuki hapo. Kwa hiyo nyanya ya uani hapa ni zao la kipupwe: sia mbegu katikati ya Mei chini ya paa, maana mvua za mwisho za masika huleta ukungu, hamishia ndoo katikati ya Juni, uanze kuchuma kuanzia mwishoni mwa Agosti. Aina za Cal J na Tanya ni fupi, zinafaa ndoo kwa fito moja ya mita moja. Varanda isiyo na upepo, igonge fito kwa kidole kila asubuhi maua yakifunguka, chavua idondoke. Miezi ya joto waachie bamia, kunde, nyanya chungu na bilinganya.

Kuhusu wadudu nitasema machache. Kantangaze, kiwavi wa nondo anayeshambulia nyanya, mwenye asili ya Amerika ya Kusini na aliyeingia Tanzania mwaka 2014, anachanganywa sana na mdudu mwingine mchora-majani. Mistari myembamba inayojipinda juu ya jani ni ya yule mdogo, madhara yake ni haba. Kantangaze anaacha mabaka mapana, ngozi ya jani inakuwa kama karatasi yenye vinyesi vyeusi ndani, kisha anatoboa tunda karibu na kikonyo. Kwa ndoo tano au sita, kuchuma majani yenye mabaka kila siku na kuyafunga kwenye mfuko juani kunafanya kazi nzuri kuliko sumu ambazo kantangaze wengi wameshazizoea. Usiyatupe kwenye mboji.

Vidukari wa sukuma wiki wanaondoka kwa kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, kikipuliziwa jioni chini ya majani, ndiko wanakokaa, asubuhi suuza. Rudia baada ya siku nne. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka shinani, wazuie nao, maana wanawalinda vidukari kwa ajili ya utamu wao.

Anayetaka raha ya haraka apande mchicha. Mbegu zake ni ndogo mno, kwa hiyo changanya kijiko kimoja cha chai na vijiko kumi vya mchanga mkavu, nyunyiza kwenye mistari ya kina cha nusu sentimita, funika kwa vumbi la udongo na mwagilia kwa kopo lililotobolewa matundu madogo. Zungushia majivu, la sivyo sisimizi watazibeba zote usiku. Siku ya nne au ya tano unaona uzi mwekundu-mwekundu wa vichipukizi. Baada ya wiki moja punguza. Ulivyong'oa ndiyo mboga laini kuliko yote, haifiki sokoni kwa sababu inanyauka njiani. Wiki ya tatu au ya nne unakata sentimita 10 juu ya udongo, unachipua tena.

Pembeni chomeka vipande vya matembele vya sentimita 30, theluthi mbili chini ya udongo. Hayo hayana masharti, na siku mchuzi ukikosa mboga yatakuwepo.

Nyanya zikiisha, usiurudishie udongo ule ule ndugu zao. Ng'oa mizizi uikague: ikiwa na vinundu vinundu, ni minyoo fundo. Mwaga udongo huo juu ya bati, utandaze unene wa vidole vitatu, ulowanishe, ufunike kwa nailoni angavu wiki nne hadi sita za jua kali, kisha ongeza ndoo moja ya samadi kwa tatu za udongo.