Makombe ndani ya shimo la karo: je, ni ya Gharika ya Nabii Nuhu?

SWALI: Assalaam alaykum. Tunachimba karo nyumbani Makunduchi. Kwenye mita mbili hivi fundi kakutana na makombe na matumbawe yaliyogandana ndani ya jiwe, na bahari iko mbali na hapo. Jirani kanitumia klipu ya mtu anayesema makombe yanayopatikana nchi kavu ni ushahidi wa Gharika ya Nabii Nuhu, na asiyekubali amekanusha Kitabu. Mke wangu anataka tusimamishe kazi. Nyinyi watu wa miamba mnasemaje? Kisa kile tukisome neno kwa neno?
Msomaji, Kusini Unguja

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Klipu hiyo naijua. Kila mwaka naletewa, mara ina sauti ya Kiarabu, mara Kiingereza, na kila anayeileta huniuliza kwa hofu ileile uliyonayo wewe.

Fundi wako amekutana na kile anachokutana nacho kila anayechimba uwandani. Uwanda wa mashariki na kusini ya Unguja ni miamba ya matumbawe ya kale. Kiasi cha miaka 125,000 iliyopita bahari ilisimama juu ya usawa wa leo kwa mita 6 hadi 9, na pale ulipo mkeka wako wa kulalia palikuwa na samaki. Baadaye maji yalishuka, matumbawe yakabaki nchi kavu, yakawa jiwe. Ndilo tunalojengea na kuchomea chokaa.

Sasa fanya jambo moja. Mwambie fundi asilivunje bonge litakalofuata. Limwagie maji, lisugue kwa brashi, kisha ulitazame kwa makini. Utaona matawi ya tumbawe yamesimama, kitako chini na ncha juu, vilevile yalivyoota. Ukibahatika utamkuta chaza katikati ya jiwe, magamba yote mawili yamefumba. Chaza aliyesombwa na maji ya nguvu hawi hivyo. Akishafa bawaba yake huoza, magamba hutengana, yakasagika na kutupwa ovyo. Huyu wako alifia pale pale alipoishi, maji yakiwa yametulia.

Na bonge lenyewe, lipime. Matumbawe ya mabonge hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwaka, kwa hiyo bonge la kimo cha mita moja limekula karibu karne nzima. Kitabu cha Mwanzo katika Biblia kinaihesabu Gharika yote, tangu mvua ya kwanza hadi ardhi kukauka, kuwa kama mwaka mmoja. Tena tumbawe linataka maji ya chumvi yaliyo safi, yanayopitisha jua. Maji ya mvua yenye matope ni sumu kwake. Kila mvuvi anajua hali ya mwamba ulio karibu na mdomo wa mto. Hili ndilo linalonikera kuliko yote katika klipu hizi: wanamleta shahidi ambaye gharika ingemuua, halafu wanasema gharika ndiyo iliyomzaa.

Wala usiambiwe kuwa haya ni maneno ya Wazungu. Al-Biruni, mwanazuoni wa karne ya 11, aliandika kuwa jangwa la Uarabuni lilikuwa bahari, na kwamba dalili zake huonekana watu wanapochimba visima na mabwawa, wakakuta makombe. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa wa zama hizo hizo, aliandika vivyo hivyo kuhusu viumbe vya majini vilivyogeuka mawe milimani. Walikuwa Waislamu, walilitazama jiwe kwanza, kisha wakasema.

Ama neno kwa neno au la, mimi si mfasiri wa Qur'ani, na sitajitia kuwa ndiye. Nitasema la fani yangu. Maji yaliyoifunika dunia nzima kwa pamoja, milima na yote, zama za wanadamu, hayakuacha alama popote. Barafu ya Greenland ina matabaka ya mwaka baada ya mwaka, yamehesabiwa kurudi nyuma zaidi ya miaka 60,000, na hakuna tabaka la maji ya bahari humo. Mafuriko makubwa ya bonde la mito ya Dijla na Furati, huko Iraki, hayo yapo. Mwaka 1929 mwanaakiolojia Leonard Woolley alichimba mji wa kale wa Ur, huko huko Iraki, akakuta udongo wa mafuriko wa unene wa zaidi ya mita 2. Akatangaza ameipata Gharika. Lakini miji ya jirani ilipochimbwa, mingine ilikuwa na matope ya zama tofauti, mingine haikuwa nayo kabisa.

Sura ya Nuhu inaanza kwa kusema alitumwa kwa watu wake. Sura ya Hud inasema safina ilitua juu ya mlima Judi. Maji yalifika wapi, wanazuoni wamekhitilafiana, na hilo waulizwe wao. Mimi ninachojua ni kwamba anayemuamini Nuhu hahitaji jiwe la Makunduchi limthibitishie.

Sisi wenyewe tuna kisa chetu cha maji, na hakina klipu. Katika pango la Kuumbi, Jambiani, imechimbwa mifupa ya pundamilia. Pundamilia hakuvuka kwa ngalawa. Miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kwa kiasi cha mita 120, na Unguja ilikuwa imeshikana na bara. Pemba haikushikana, mkondo wake ni wa kina kirefu mno. Kisha maji yakapanda polepole, kwa wastani sentimita kama moja kwa mwaka, mpaka tukawa kisiwa.

Naandika kwa uchungu kwa sababu naona mwisho wa mambo haya. Kijana mmoja alinijia na ile picha ya fuvu la jitu, inayosambazwa kuwa ni watu wa kaumu ya Adi, wale wa kale wanaotajwa katika Qur'ani. Skuli kwao mwalimu aliwaonyesha darasani. Nilimweleza kuwa ilitengenezwa kwa kompyuta mwaka 2002 kwa ajili ya mashindano ya kuchezea picha, na kwamba picha ya chini yake ni ya watu wanaochimba mifupa ya mnyama wa kale huko New York. Alikaa kimya, kisha akaniuliza: "Na mengine waliyotufundisha je?" Sikuwa na jibu jepesi la kumpa. Aliyemtundikia imani yake kwenye picha ya uongo ndiye aliyemfikisha pale. Ndivyo ilivyo pia kwa ile "safina" ya Durupınar, Uturuki, kilima chenye umbo la jahazi kinachodaiwa kuwa ni safina ya Nuhu: wanajiolojia waliokwenda kuipima walikuta umbo la miamba na udongo, na bado kila mwaka "inagunduliwa" upya.

Kazi isisimame. Mwambie mkeo hakuna dhambi kulivunja jiwe lile. Linalonitia wasiwasi mimi katika shimo lako ni jingine: mwamba wa uwandani umejaa nyufa na vitundu, na maji machafu hupita humo upesi sana hadi kwenye maji ya kisima. Karo lipigwe zege chini na plasta ya saruji pande zote, na kabla fundi hajaendelea niandikie kisima chenu, na cha jirani, viko hatua ngapi kutoka hapo.