VAT ikishuka, kiingilio hakishuki

Swali la wiki lilikuwa: "VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ikibadilishwa, wapenzi wa ngoma na muziki wa jukwaani wanaguswa wapi?"

Kwenye tiketi yenyewe, kidogo sana. Chukua kiingilio cha shilingi 10,000, VAT ya asilimia 18 ikiwa ndani. Kodi yake si 1,800, kosa la kawaida la mezani. Ni 10,000 mara 18, gawanya kwa 118, yaani 1,525. Kwa tiketi 600, kosa hilo hula karibu shilingi 165,000, pesa ya kutosha kuwalisha wapiga muheme, ngoma ya Wagogo, wote wa siku hiyo.

Mwaka 2009 VAT ya Tanzania Bara ilishuka kutoka asilimia 20 hadi 18. Kwa hesabu, tiketi ya 10,000 ingekuwa 9,833. Nani ataandika hivyo kwenye bango, na chenji mlangoni aitoe wapi? Viingilio hufuata noti. Ile 167 hubaki kwa mwandaaji. Kodi ikipanda huimeza yeye, mpaka siku atakaporuka kutoka 5,000 hadi 10,000, na hapo ndipo watu hubaki nyumbani.

Uzito uko kwenye kiwango cha mauzo kinachomlazimu mtu kusajiliwa kwa VAT, kilichopandishwa mwaka 2023 kutoka shilingi milioni 100 hadi 200 kwa mwaka. Kikundi cha zeze na marimba hutumia zaidi kwenye posho, na posho haina VAT ya kudai, kwa hiyo kubaki nje ni nafuu tupu. Mwandaaji wa tamasha ana hesabu nyingine. Akikodi vyombo vya muziki na taa kwa 1,180,000 kwa mtu aliyesajiliwa, ndani mna VAT ya 180,000. Akiwa naye amesajiliwa, huikata kwenye ritani, yaani taarifa ya kodi ya kila mwezi, ambayo mwisho wake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, mradi risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) ina TIN yake, namba ya mlipakodi. Asiyesajiliwa hairudishiwi, ataitafuta kwenye kiingilio, au atapunguza vikundi jukwaani. Mara nyingi ni hilo la pili.

Kisha kuna kalenda. Bajeti husomwa hapa Dodoma mwezi Juni, viwango vingi huanza Julai 1. Kwa kanuni ya kawaida kodi huhesabiwa pale malipo au ankara inapotangulia, hivyo tiketi ya Agosti iliyolipiwa Juni hubeba kiwango cha Juni. Risiti itolewe siku pesa inapopokelewa, si usiku wa onyesho.